Mawese yanayokereketa koo: kosa liko kwenye kuvundika, kwenye maji au kwenye mbegu?

#1 Chikichi_Mbivu

Wadau wa mawese, salaam.

Mawese mengi yanayotoka vijijini Kigoma yakifika sokoni yana kasoro ileile. Ukiyapasha moto yanafuka moshi mapema, yana harufu ya uchachu, na mboga iliyoungwa nayo inakereketa koo. Wengi wanasema ndiyo ladha ya mawese. Mimi nasema siyo. Hayo ni mafuta yaliyoharibika, na yanaharibika kabla hata ya kukamuliwa.

Hoja yangu: chanzo ni kuvundika. Mkungu unakatwa Jumatatu, unalala shambani siku mbili kungoja baiskeli. Ukifika unapasuliwa kwa shoka, unanyunyiziwa maji, unafunikwa kwa majani ya mgomba siku tatu hadi tano ili chikichi ziachie zenyewe. Mpaka zinaingia pipani wiki imekwisha. Sasa nyama ya chikichi ina kimeng'enya kinachoitwa lipasi. Tunda likiwa zima juu ya mti, kimetulia. Likichubuka, kinakutana na mafuta na kuanza kuyavunja, na asidi inaachiwa huru. Sehemu iliyopondeka haingoji siku tatu, ndani ya saa moja tayari asidi imepanda.

Mawese ghafi ya biashara kubwa yanawekewa kikomo cha asidi huru 5%. Ya kuvundika siku tano yanapita 10% bila shida.

Swali: kwa vifaa vya kijijini, mtu anaweza kupukuchua chikichi bila kuvundika na asipoteze mafuta?

#2 Mzee_wa_Mikungu

Umesema kweli lakini umesema nusu, kijana wangu.

Siku za kuvundika zinaamuliwa na siku ya kukata. Mkungu uliokatwa ukiwa umeiva sawasawa, chikichi kama kumi zimeshadondoka zenyewe chini ya mti, huo unafunikwa usiku mmoja au miwili na unapukutika. Mkungu uliokatwa kabla haujaachia hata tunda moja ndio unaodai siku tano, na hata hizo tano chikichi za ndani zinabaki zimeng'ang'ania. Watu wanakata mapema kwa kuogopa wezi, au kwa kuwa mnunuzi amekuja leo na kesho hayupo.

Na hasara hapo ni mbili. Mafuta ya chikichi yanajaa kwenye nyama wiki chache za mwisho kabla ya kudondoka. Ukikata wiki mbili mapema umeacha mafuta hewani.

Msitazame rangi. Kuna mikungu inayoanza myeusi ikaishia nyekundu, kuna inayoanza kijani ikaishia rangi ya chungwa. Tazama chini ya mti, hesabu zilizodondoka.

#3 FundiPipa

#1 jibu la swali lako: ndiyo, inawezekana. Pika kwanza, pukuchua baadaye. Viwanda vyote vinafanya hivyo: mkungu mzima unaingia kwenye mvuke wa takribani nyuzi joto 140 kwa dakika 60 hadi 90, lipasi inakufa, na vikonyo vinalegea vyenyewe.

Kijijini hatuna mvuke wa presha, lakini lipasi haihitaji nyuzi 140 ili ife. Ikipita 60 na joto likaingia mpaka kwenye kokwa, imekwisha. Hizo 140 ni za kulegeza vikonyo haraka.

Namna ya kufanya kwa pipa la lita 200:

Weka mawe matatu au fremu ya nondo ndani, juu yake wavu mzito, uwe sentimita 20 hivi kutoka kwenye kitako. Maji yasifike kwenye wavu. Pasua mkungu utoe mti wa katikati, ubaki na vipande vyenye chikichi. Panga vipande bila kushindilia, mvuke upite. Funika kwa magunia mawili yaliyolowa, juu yake bati na jiwe. Maji yakianza kuchemka hesabu saa moja na nusu, mbili kama mikungu ilikuwa migumu. Toa kipande kimoja, kikung'ute kwenye turubai. Zikidondoka, toa zote na ukung'ute zikiwa bado za moto. Zikipoa zinakaza tena kidogo.

Kisha chikichi peke yake unazirudisha pipani, sasa kwa maji, uzichemshe mpaka nyama iachane na kokwa ukibinya kwa vidole. Unakwenda kuponda zikiwa moto.

#4 Mzee_wa_Mikungu

@FundiPipa njia naijua. Tatizo lake ni kuni. Umewasha moto mara mbili kwa mzigo uleule, na mara ya kwanza nusu ya pipa imejaa vikonyo na nyuzi ambazo hazina mafuta. Tena hivyo vikonyo vikipikwa vinanyonya mafuta ya chikichi zilizopasuka. Anayekamua mapipa manne kwa siku hawezi.

#5 FundiPipa

Kuni ni hoja ya haki, siwezi kuipinga. Makapi makavu ya nyuzi na maganda ya kokwa yanasaidia, moto wake ni mkali kuliko wa kuni mbichi, ila yanataka jiko lenye wavu chini na hewa ya kutosha, si mafiga matatu. Kwenye mafiga yanafuka tu.

#6 Mama_Mise

Kina kaka, mmesimama kwenye chikichi mkasahau dumu.

Mafuta yanaweza kutoka vizuri yakaharibikia nyumbani kwa sababu ya maji. Angalieni mashine zetu za kuzungusha: silinda imesimama wima, ndani ina mapanga, watu wanasukuma mti kuizunguka, maji ya moto yanamwagwa juu, na mafuta yanatoka chini pamoja na maji na tope. Yote yametoka yamelowa. Mtu anaengua ya juu, anayaona mekundu mazuri, anajaza dumu, anaondoka. Humo ndani kuna maji ambayo jicho halioni na chembe za nyama zinazoendelea kuchacha. Wiki mbili baadaye ukifungua dumu pua inakwambia.

Kukausha ni hatua yake yenyewe, isirukwe. Ukishaengua, weka kwenye sufuria pana, moto mdogo, usifunike. Mwanzo utasikia yanapasukapasuka, ni maji yanatoka. Povu jeupe linapungua, kelele inakatika, uso unatulia na kuwa kama kioo. Chovya kipande cha karatasi, kiwashe: kikitoa cheche na mlio, bado kuna maji. Kikiwaka kimya, ondoa motoni. Acha yatuame, chuja kwa kitambaa yakiwa vuguvugu, tope la chini usilikwangue.

Dumu lioshwe, likaushwe juani mdomo ukiwa chini, lijazwe mpaka shingoni. Hewa ikibaki nyingi juu, mafuta yanachoka.

#7 Soko_Mwanga

Mimi kwangu shida ni wachuuzi wanaochanganya. Mawese yakiganda chini ya dumu na juu yakawa maji, jua hayo yametiwa mafuta mengine. Halisi hayagandi.

#8 Kyela_Bondeni

@Soko_Mwanga hapana mkuu, hapo umekosea na wengi wanakosea kama wewe.

Mawese halisi yana sehemu mbili ndani yake: ile ngumu na ile laini. Yanaanza kuyeyuka na kumalizika kati ya nyuzi kama 33 na 39. Kukiwa na baridi ya nyuzi 20 hivi, sehemu ngumu inashuka chini kama uji mzito wa rangi ya chungwa, na laini inabaki juu nyekundu. Huku Kyela kwenye joto unaliona kidogo tu, ukilipeleka dumu hilohilo Tukuyu usiku mmoja limegawanyika. Viwanda vinafanya hivyo kwa makusudi, vinapoza polepole na kuchuja, ile laini ndiyo inauzwa kama mafuta ya kupikia yasiyoganda.

Kwa hiyo mawese yasiyoganda kabisa kwenye baridi ndiyo ya kutilia shaka.

Ukinunua, pasha dumu kwenye maji ya moto, likoroge, ndipo ugawe. Ukimimina juu tu unampa mmoja laini na mwingine ngumu, halafu wote wanakuita tapeli.

#9 Soko_Mwanga

Nimekuelewa, asante. Basi rangi je? Kuna mekundu ya kung'aa mno.

#10 Kyela_Bondeni

Wekundu ni karotini, rangi ya asili kama ya karoti, miligramu 500 hadi 700 kwa kilo ni kawaida. Ghana mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ilikuta sokoni mawese yaliyotiwa rangi ya Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Kwa hiyo wekundu peke yake si cheti. Na wale wanaoyaunguza jikoni mpaka yawe meupe kabla ya kupikia wanaua karotini yote. Joto la kupikia mboga halihitaji hivyo.

#11 Maabara_Ndogo

Mnabishana bila kupima. Asidi inapimika hata kijijini, vifaa ni vichache: mizani inayosoma mpaka gramu 0.01, spiriti safi, finoftalini (dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha), na bomba la sindano la ml 10 kama huna biureti, lile bomba la maabara lenye vipimo.

Tengeneza maji ya kostiki soda yenye nguvu ya 0.1: gramu 40 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pima mafuta gramu 2.56. Ongeza spiriti vuguvugu ml 50 iliyokwisha kusawazishwa, matone matatu ya finoftalini. Dondosha kostiki huku unatikisa mpaka rangi ya waridi ikae sekunde 30. Kila ml moja uliyotumia ni 1% ya asidi huru. Ndiyo maana nimesema gramu 2.56, ili usihitaji kukokotoa.

#12 Tenera58

@Maabara_Ndogo sahihisha haraka kabla mtu hajatumia: gramu 40 kwa lita ni nguvu ya 1, si 0.1. Ya 0.1 ni gramu 4 kwa lita. Kwa 40, mafuta ya 10% yatasoma 1% na mtu atauza akijisifu.

#13 Maabara_Ndogo

Kweli kabisa, ni gramu 4. Asante, mkuu. Na kostiki iliyokaa wazi inanyonya unyevu na hewa, ukipima gramu 4 hupati 4 halisi. Tumia iliyofungwa vizuri.

Spiriti nayo ina asidi yake kidogo. Kuisawazisha ni kutia finoftalini na kudondosha kostiki mpaka waridi hafifu kabla ya kuweka mafuta.

#14 Rumonge_Ziwani

Amahoro, jirani zenu wa Rumonge, Burundi, hapa. Mashine hizo za kuzungusha ziko kwetu pia, pwani yote hii ya Tanganyika.

Mimi naongeza sababu ya nne ambayo hamjaitaja: kokwa zinazopasuka. Mashine ikikazwa sana, au ikiendeshwa na mota kwa kasi, au ikilishwa chikichi ambazo hazijaiva motoni, mapanga yanavunja kokwa. Ndani ya kokwa kuna mise, na mafuta ya mise ni mafuta mengine kabisa, ni ndugu wa mafuta ya nazi. Asidi yake ikiwa huru ina ladha ya sabuni na inakwaruza koo. Kiasi kidogo tu kwenye mawese mtu anakwambia yanakereketa, nanyi mnalaumu kuvundika.

Ukitaka kujua, chota makapi yanayotoka, hesabu kokwa 100. Zikiwa zimevunjika zaidi ya 10, punguza.

#15 FundiPipa

Rumonge yuko sahihi, ila nyongeza: kokwa nene ya mchikichi aina ya dura haivunjiki ovyo. Inayovunjika ni ya aina ya tenera, ganda lake jembamba. Watu wamepanda mbegu mpya wakabaki na mashine iliyopimwa kwa dura. Nafasi kati ya panga na ukuta wa silinda inatakiwa ibadilishwe.

Upande wa pili, skrubu ya mkono ikilegezwa sana unaacha mafuta. Skrubu nzuri ya mkono inatoa kama 60 hadi 70% ya mafuta yaliyomo, jeki ya haidroliki kama 80%. Ponda zikiwa moto wa nyuzi 80 kwenda juu, kaza polepole, ngoja yachuruzike, kaza tena. Kukaza kwa pupa kunatoa tope.

#16 Tenera58

Niingie kwenye mbegu, maana hapo ndipo kuna maneno mengi ya uongo tangu kampeni ya michikichi ya 2018.

Dura ina ganda la milimita 2 hadi 8, nyama yake ni 35 hadi 55% ya tunda. Tenera ganda lake ni 0.5 hadi 4, nyama 60 hadi 95%. Aina ya tatu, pisifera, haina ganda, na mti wake kwa kawaida haushiki mikungu ya maana. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Jambo hilo lilithibitishwa Yangambi, Kongo ya Wabelgiji, na Beirnaert na Vanderweyen, wakachapisha 1941. Kila shamba la tenera duniani linategemea ugunduzi huo uliofanyika jirani zetu hapo.

Matokeo yake: usiokote kokwa chini ya mti wa tenera ukapanda. Tenera kwa tenera inatoa robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Katika miti 58 ya ekari moja, kama 14 itakuwa pisifera, inasimama mikubwa na ya kijani, mikungu inaozea juu. Na utaijua baada ya miaka mitatu au minne ya kupalilia. Chukua mbegu TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma, au kwa mzalishaji aliyeidhinishwa.

Je, tenera inakereketa zaidi? Nyama yake ni nyingi na laini, inachubuka upesi kuliko dura. Ukiitendea kama dura, ukairusha kutoka juu, ukaipasua kwa shoka na kuivundika siku tano, itachacha zaidi. Kwa hiyo @Chikichi_Mbivu na @FundiPipa wote mna haki.

#17 Shamba_Jipya

Habari wakuu. Mimi nilisoma ni miti 143 kwa ekari. Na yangu ya miaka mitano inatoa maua dume tu, mikungu ya kuhesabu. Au ndiyo pisifera?

#18 Tenera58

143 ni kwa hekta, umbali wa mita 9 kwa pembetatu. Ekari ni 58. Ukiweka 143 kwenye ekari majani yatagongana, miti itakimbilia juu kutafuta mwanga na mikungu itakuwa ya kubembeleza.

Pisifera inatoa maua jike mengi yanayooza. Dume tupu ni jambo jingine, ni mti ulioumia. Jinsia ya ua inaamuliwa miaka miwili au zaidi kabla ya mkungu kukatwa. Mti ukipata kiu au njaa wakati huo, unachagua dume. Mchikichi ungependa mm 2,000 za mvua zilizosambaa mwaka mzima. Kigoma tunapata takribani nusu ya hapo, na Juni hadi Septemba ni ukame mtupu.

#19 Mzee_wa_Mikungu

Kabla ya kulaumu mvua muulize anakata majani mangapi. Watu wanapogolea mti mpaka unabaki kama ufagio, ati upate hewa. Mti uliokomaa ubaki na majani 35 hadi 40. Jani lililoshika mkungu kwa chini usiliguse mpaka mkungu utoke, ndilo linaloulisha.

#20 Rumonge_Ziwani

Na potasi. Mkungu ukiondoka shambani unaondoka nayo. Vikonyo vilivyobaki baada ya kupukuchua ni kama robo ya uzito wa mkungu na vimejaa potasi, virudishwe vitandazwe kati ya mistari, visichomwe kando ya mashine. Madoa ya rangi ya chungwa kwenye majani ya zamani ni mti unaolia.

#21 Shamba_Jipya

Majani nilikata mpaka yakabaki kumi na kitu. Asanteni, nimejua pa kuanzia. Endeleeni na mada.

#22 Mlima_Jaén

Nawasalimu kutoka Jaén, Hispania, mkoa wenye mizeituni zaidi ya milioni 60. Nimesoma uzi wote kwa sababu mnazungumza jambo ambalo huku ndilo somo la kwanza la kila kinu.

Mafuta ya zeituni na mawese ni aina moja kwa hili: yote yanatoka kwenye nyama ya tunda, si kwenye mbegu kama alizeti. Nyama ina maji na vimeng'enya, kwa hiyo tunda likivunwa saa inaanza kuhesabu. Huku zeituni zinatakiwa zisagwe ndani ya saa 24. Zamani zilikuwa zinarundikwa magunia kwa magunia zikingoja zamu ya kinu, zinapata joto katikati na kuchacha, na ile kasoro ina jina lake mpaka leo, *atrojado*. Ni kuvundika kwenu kulekule. Daraja la juu kabisa linataka asidi isizidi 0.8%, na zilizorundikwa haziioni hiyo.

Tofauti kubwa: sisi hatuchemshi. Zeituni zinasagwa na kokwa zake, uji unakorogwa taratibu kama dakika 30 hadi 45 chini ya nyuzi 27, kisha mashine ya kuzungusha kwa kasi inatenga mafuta, maji na makapi. Lipasi haiuawi, tunakimbizana nayo tu. Ninyi mnayo nafasi ya kuiua kwa moto, nasi hatuna.

Na kitu cha kuwashangaza: mafuta mapya ya zeituni aina ya picual yanakereketa koo na ni sifa. Ile inatoka kwenye oleokanthali, kitu cha asili kilichomo kwenye zeituni changa, haihusiani na asidi huru. Waonjaji wanakohoa na kutoa alama za juu.

#23 Mama_Mise

Karibu, ndugu wa Jaén. Basi mteja akilalamika koo nitamwambia ni zeituni 😄

Ila wenye mawese wasije wakajificha hapo. Yetu yakikereketa hayana sifa.

#24 Ngazi_ya_Fizi

Jambo kwenu. Huku kwetu Fizi, Kongo, chikichi tunaita ngazi. Kuna jambo moja hamkusema: chombo. Pipa lenye kutu ni sumu kwa mafuta. Chuma na shaba vinaharakisha mafuta kuchoka, yanapata harufu ya zamani hata kama asidi iko chini. Asidi na uchovu wa hewa ni magonjwa mawili, kipimo cha finoftalini kinaona moja tu. Sufuria ya shaba au koki ya shaba iliyounganishwa kwenye pipa, ondoeni. Pipa la kuchemshia lisafishwe kwa mchanga na likauke kila jioni.

#25 Maabara_Ndogo

Hoja nzuri, na inaeleza kwa nini kuna mafuta yanapimwa 4% lakini yananuka.

#26 Soko_Mwanga

Sasa mtu mwenye mzigo uliokwisha kupanda asidi afanyeje? Kuna wanaosema ukiyachemsha tena na vitunguu yanarudi.

#27 Mama_Mise

Hayarudi, kaka. Kitunguu kinafunika harufu siku mbili. Asidi iliyokwisha kuachiwa moto wa jikoni hauirudishi.

Peleka kwenye sabuni. Sabuni haijali asidi, kwa kweli inashika haraka zaidi. Kilo 1 ya mawese inakula kostiki soda gramu 141 ikiisha yote, tumia 134 ili sabuni isichome ngozi. Kilo 1 ya mafuta ya mise inakula 175, tumia 166. Ukichanganya, piga hesabu kila moja kwa uzito wake, usikadirie. Maji gramu 330 kwa kilo ya mafuta. Kostiki inatiwa ndani ya maji, maji hayamwagwi juu ya kostiki, yatakurukia usoni. Sufuria ya alumini usitumie, inaliwa. Tumia ndoo ya plastiki ngumu.

Mafuta yenye asidi nyingi yanaganda ghafla na kufanya mabonge. Yaweke vuguvugu tu, kama nyuzi 40, mimina kostiki kidogokidogo na uwe na fremu tayari mezani. Mawese peke yake yanatoa sabuni ngumu yenye povu dogo. Robo ya mise inaongeza povu.

Na pimeni kwa kilo, si lita. Lita ya mawese ni kama gramu 900. Anayedhani lita ni kilo anaweka kostiki iliyozidi na watu wanababuka mikono.

#28 Chikichi_Mbivu

Nimefurahi uzi umejaa watu wa kazi. Hata hivyo bado nasimama na kuvundika. Maji ya @Mama_Mise ni kweli, kokwa za @Rumonge_Ziwani ni kweli, kutu ni kweli, lakini hayo yote yanakuja wakati siku tano zimekwisha kufanya kazi yake.

#29 Mama_Mise

Nami nasimama na maji. Mafuta yaliyovundikwa siku mbili yakakaushwa vizuri yatayashinda ya mvuke yaliyofungwa na maji, ukiyapima baada ya miezi mitatu. Siku ya kukamua siyo siku ya kula.

#30 Maabara_Ndogo

Basi tupime. Mikungu ya shamba moja, iliyokatwa siku moja, yote imeangusha chikichi kumi. Fungu la kwanza mvuke siku hiyohiyo. La pili livundikwe siku mbili. La tatu tano. Kila fungu likikamuliwa ligawe mara mbili: nusu ikaushwe mpaka karatasi iwake kimya, nusu ienguliwe tu. Ni madumu sita. Pima siku ya kwanza, siku ya 30, siku ya 90.

#31 Rumonge_Ziwani

Na hesabuni kokwa zilizovunjika kwa kila fungu, la sivyo hamtajua mnapima nini. Chikichi zilizovundikwa siku tano ni laini, mapanga hayatalazimishwa. Za mvuke zisipoiva vizuri zitavunjika zaidi, na @Chikichi_Mbivu ataonekana mwongo bila kosa lake.

#32 Ngazi_ya_Fizi

Madumu yote sita yawe mapya na ya aina moja. Yakae gizani.

#33 Mzee_wa_Mikungu

Msipime asidi tu, pimeni na lita. Kilo 100 za mikungu ya dura zinatoa kati ya 8 na 12 kwa mkono. Kama fungu la mvuke litatoa 7 kwa sababu vikonyo vimenyonya, hakuna mkulima atakayelifuata hata asidi iwe sifuri. Na kuni zipimwe kwenye mizani kabla ya kuwashwa.

#34 FundiPipa

Wavu wa pipa nitauchora niuweke hapa. Ila mkungu ukikatwa, andikeni saa kwa mkaa kwenye kikonyo palepale chini ya mti. Ukifika kwenye mashine kila mtu anasema umekatwa asubuhi.